Gari Lililopauka

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, rangi ya bluu kwenye mlango wa kushoto wa pikapu ya baba ilianza kufunguka. Najua dakika kwa sababu baba aliitazama saa yake ya mkono akaitaja kwa sauti, polepole, kama karani anayeandikisha kosa la mtu. Rangi haikuchuruzika wala haikupasuka. Ilikuwa imelala vizuri, inang'aa, halafu ikaanza kujitenga yenyewe. Vitundu vidogo vya mviringo vilitokea kimoja baada ya kingine, na ndani ya kila kitundu ukaonekana ukijivu wa chini. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, hatua tatu nne kutoka kwenye gari, na kwa kitambo kidogo nilidhani mvua imeanza kunyesha juu ya mlango ule peke yake.

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu dogo kwenye gereji moja ya Miyuji, si mbali na ulipokuwa uwanja wa nyumba yetu. Lilikuwa limekwaruzwa ubavuni. Kijana wa gereji alifungua chupa ya thina, akalowesha kitambaa cheupe, na harufu ile ikanifika kabla sijajiandaa. Niliunyosha mkono kuelekea kwenye bati bila kufikiri. Akasema, "Mama, samahani, usiguse hapo." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ndivyo tulivyofundishwa."

Jibu hilo liliniudhi kuliko alivyostahili. Nilimweleza sababu, kwa urefu, mpaka mambo ya jasho na mafuta ya ngozi, naye akanisikiliza kwa adabu kisha akaendelea na kazi. Mimi sikusomea ufundi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mengine yote nimeyasoma mwenyewe kwa kamusi na vitabu vilivyokwisha kutumiwa, vile vinavyopangwa chini kando ya barabara. Lakini habari ya kuandaa bodi la gari kabla ya kupaka rangi nimeisoma zaidi ya habari nyingine yoyote, na sababu yake ni wiki moja ya utoto wangu ambayo mtu mmoja angeweza kuiokoa kwa sentensi moja, kama angeona nastahili kuambiwa.

Pikapu ile ilikuwa ya rangi tatu. Boneti ilikuwa nyeupe, mlango wa kushoto wa kijani kwa kuwa ulitolewa kwenye gari jingine, na sehemu ya nyuma nyekundu iliyochujuka hadi kufanana na udongo. Baba aliitumia kubebea alizeti na zabibu za wakulima, kazi ya msimu, na msimu ukiisha gari lilikaa uani na sisi tulikula kwa kupima. Ndipo ikatokea shule moja ya bweni, njia ya Buigiri, iliyotafuta gari la kukodi kwa mwaka mzima, la kubebea unga na kuni. Kamati ya watu watatu ingekuja nyumbani kulikagua Jumatatu, saa nne. Sharti lao baba alilirudia kila tulipoketi kula: gari liwe la rangi moja, na lionekane ni la mtu anayelitunza.

Akaitwa Baba Mwajuma. Binti yake, Mwajuma, nilisoma naye darasa moja, na mtaa mzima ulimwita kwa jina la huyo binti. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mrefu, mwenye vidole vyembamba kuliko vya fundi yeyote niliyewahi kumwona. Walikubaliana hivi: baba atanunua rangi na vifaa, na Baba Mwajuma atasubiri malipo yake mpaka kazi ya shule ipatikane. Kwa hiyo wote wawili waliiweka wiki yao kwenye Jumatatu ileile.

Alianza Jumatatu iliyotangulia. Nilitegemea kwamba fundi wa rangi angekuja na rangi. Alikuja na gunzi la mahindi, sabuni ya mche, na ndoo. Aliliosha gari kutwa nzima, mpaka chini ya mbawa za matairi ambako kamati yoyote isingechungulia. Jumanne alikwangua. Palipobonyea alipagonga kwa nyundo ndogo, ndani akiwa ameegemeza kipande cha mti, kisha akapaka puti nyembamba, ule uji mzito wa kujazia mabonde, akasubiri ikauke, akaisugua kwa msasa uliozungushiwa ubao, akapaka tena. Mahali rangi ya zamani ilipokutana na bati tupu aliulaza ukingo wake kwa msasa na maji mpaka kidole kisiweze kujua rangi inaishia wapi. Kila baada ya muda aliweka kitambaa chini ya kiganja, akafumba macho, na kupitisha mkono taratibu toka mwanzo wa mlango hadi mwisho.

"Kwa nini unafumba macho, Baba Mwajuma?" nilimwuliza.

"Jicho linaona mwanga, Yuditi. Bonde halilioni. Bonde linaonwa na mkono."

Hilo aliniambia. Kwa nini kitambaa kiwe katikati ya mkono na bati, hilo hakuniambia, nami sikuuliza.

Baba alikuwa akirudi mchana na kukuta gari limezidi kuwa baya. Kila siku lilikuwa na madoa mapya, mabaka ya puti ya njano, bati linalowaka jua.

"Baba Mwajuma, gari unalipaka rangi au unalinyoa?"

"Nalinyoa kwanza. Uliona wapi bwana harusi anavaa suti na ndevu za wiki?"

"Jumatatu, Baba Mwajuma."

"Ninyi wafugaji, ng'ombe mnaweza kumsubiri miaka mitatu azae. Rangi siku sita zinakutoa jasho."

"Ng'ombe hakaguliwi na kamati."

Walicheka, lakini baba alicheka kidogo. Jumatano walibishana juu ya thina, na hapo wao wawili hawakucheka isipokuwa kwa mdomo. Fundi alikuwa ameandika lita mbili. Baba alileta moja.

"Ya pili ni ya nini?"

"Moja ya kuchanganyia rangi. Ya pili ya kufutia bodi kabla sijapuliza."

"Kufutia? Maji yapo, sabuni ipo."

"Maji hayaondoi mafuta, Baba Yuditi."

"Mafuta gani? Wewe unapaka gari rangi au unakaanga maandazi?"

Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka sana kwa hilo la maandazi. Fundi akakubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alikubali. Nadhani ni kwa sababu malipo yake yalikuwa mbele, mikononi mwa mtu aliyekuwa akibishana naye.

Alhamisi alileta kompresa na kupuliza praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia rangi nyingine. Ilikuwa ya kijivu. Ijumaa asubuhi aliisugua yote kwa msasa wa maji, laini, akaisuuza na kuiacha ikauke. Kufikia saa sita mchana gari zima, toka boneti hadi mlango wa nyuma, lilikuwa la rangi moja kwa mara ya kwanza tangu nilijue. Lilikuwa kijivu kikavu, chenye unga juu yake, kisicho na mng'aro hata kidogo.

Hapa inabidi nieleze jambo la ngozi. Wenzangu mliokulia huku mtakumbuka upepo wa kipindi kile cha mwaka, ulivyokausha midomo na kuchora mistari myeupe kwenye miguu. Mtoto akikaa nje saa moja alirudi na magoti kama yamepakwa majivu. Mama hakuvumilia hilo. Alikuwa na kopo la mafuta ya mgando juu ya kabati, na hakuna aliyevuka mlango wetu kwenda shule, kanisani au dukani kabla ya kupita mikononi mwake. Alichota kwa vidole viwili, akasugua viganja mpaka mafuta yapate joto, kisha akatupaka miguu kwa nguvu, kana kwamba sisi ndio tuliouleta upepo. "Utoke umepauka hivyo watu waseme huna mama?" Nguo yenye kiraka haikuwa aibu kwetu. Kupauka ndiko kulikuwa aibu.

Na mimi hakuna aliyeniambia kwamba kuna rangi nyingine inakuja. Kopo la bluu lilikuwa chini ya kitanda cha wazazi, mahali ambapo sikuruhusiwa kuchungulia. Nilisikia gari linatakiwa liwe la rangi moja, na sasa lilikuwa la rangi moja. Nilielewa kwamba kazi imeisha, na kwamba Jumatatu watu watatu watakuja kuona gari lililopauka kuliko mtoto yeyote wa Miyuji. Watasema halina mwenyewe. Niliona aibu kwa niaba ya baba, na nilimwonea huruma kwa sababu yeye, nilidhani, hajaona.

Baba alikuwa mjini. Baba Mwajuma alinawa mikono na miguu pale kwenye pipa, akavaa kanzu yake, akamwambia mama aliyekuwa jikoni, na mimi pia, "Nakwenda swala. Asiguse mtu." Nililichukua neno lake kama linavyosemwa juu ya chakula cha mgeni, maana yake msiharibu. Mimi sikukusudia kuharibu.

Nilipanda kiti, nikalitwaa kopo. Nilianza na mlango wa kushoto kwa sababu huo ndio ulioelekea njia, na kamati ingeuona kwanza. Nilichota kwa vidole viwili. Nilisugua viganja mpaka mafuta yakapata joto. Nikapaka toka juu kwenda chini, kwa mikono yote miwili, nikikaza kama mama. Kijivu kikageuka kikawa kizito na kizuri, chenye kung'aa kidogo, na mpaka leo naikumbuka furaha ile. Nilimaliza mlango na kuingia kwenye bawa la tairi kabla kopo halijaonyesha bati lake la chini. Kisha nikafuta kwa pindo la gauni, kwa kuwa mama naye alikuwa akifuta yanayozidi ili vumbi lisishike. Nikarudisha kopo juu ya kabati.

Fundi alirudi baada ya saa moja na nusu. Upepo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya mlango sawasawa na lilivyokaa kwingine, na kijivu kilikuwa kimerudi. Alilifunika gari lote kwa mashuka ya zamani. Mimi nilihuzunika tu kwamba mafuta yangu hayakudumu.

Jumamosi tuliamka mapema kwa sababu rangi hupulizwa kabla upepo haujaamka. Baba na fundi walimwagia uwanja maji ndoo kumi na mbili ili vumbi lilale. Kisha nikaona kopo la bluu linatolewa chumbani na kukorogwa kwa kijiti, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kazi haikuwa imeisha. Fundi alichovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akaanza kulifuta gari kwa mara ya mwisho, akasuuza. Alipofika kwenye mlango wa kushoto alisimama.

Kwingine maji yalilala kama shuka. Pale yalijikusanya matone matone na kuteleza.

"Baba Yuditi, njoo uone. Maji yanakataa. Hapa kuna mafuta."

"Yametoka wapi? Gari limelala uani kwangu."

"Yalikotoka sijui. Nipe ile thina ya pili, nipe na nusu saa."

"Thina ya pili haipo, na duka halifunguliwi mpaka saa tatu. Saa tatu upepo utakuwa umejaa hapa. Puliza."

"Rangi haitashika."

"Kwingine itashika?"

"Kwingine itashika."

"Basi puliza. Umekuwa ukitafuta sababu tangu Jumatatu."

Nilisogea. Nilikuwa na jibu la swali walilokuwa wakiulizana, na wakati ule bado sikujua kuwa lilikuwa jibu baya. Nilitaka kusema ni mimi niliyelipaka, ili wasibishane. "Baba," nikasema. Akanyosha kidole bila kunitazama. "Wakubwa wanaongea." Nikarudi kwenye pipa la maji.

Nimeyapima maneno yale mawili kwa miaka mingi. Ilikuwa yapata saa moja na dakika kumi. Kulikuwa na thina kidogo iliyobaki baada ya kuchanganya rangi, robo chupa labda, ambayo fundi aliitunza kwa ajili ya rangi ikizidi kuwa nzito, lakini kwa mlango mmoja ingetosha. Ningesikilizwa dakika moja, fundi angejua mafuta ni ya aina gani, ni mengi kiasi gani na yanaishia wapi. Angeyatoa. Badala yake alijaribu sabuni tena mara mbili, akatikisa kichwa, akawasha kompresa.

Upande wa kulia ulitoka vizuri mno. Boneti nayo ilitoka kama kioo, na nyuma pia. Kompresa ilinguruma, baba alizunguka gari mikono ikiwa nyuma, na nilimwona akianza kutabasamu. Mlango wa kushoto ulipulizwa wa mwisho. Dakika chache baadaye ikawa ile saa moja na dakika arobaini.

"Umechanganya petroli," baba alisema.

"Sijachanganya petroli."

"Thina haikutosha, ukaongezea petroli. Dumu lile pale ni la nini?"

"La kompresa. Kompresa inakunywa nini, uji?" Fundi alisema hivyo bila mzaha, akiwa bado anautazama mlango. "Rangi ni ileile, Baba Yuditi. Mlango wa kulia nimeupuliza kwa rangi hiihii. Nionyeshe kitundu kimoja kule."

Baba alikwenda upande wa kulia, akarudi na hasira zaidi. Fundi alichuchumaa. Vitundu sasa vilikuwa vimeacha kutokea ovyo. Vilikuwa vimejipanga mistari, minne minne, toka juu kwenda chini, ikikaribiana pale chini kama vidole vinavyokunjika. Aliweka mkono wake mbele ya mistari ile bila kugusa. Mkono wake ulikuwa mpana mara mbili. Nami niliona wakati huohuo na yeye, na ndipo nilipojua.

"Huu ni mkono wa mtoto," alisema taratibu.

Mama alitoka jikoni. "Mwanangu hana tabia ya kushikashika vitu."

"Sijasema ana tabia, mama. Nasema mkono ni wa mtoto."

"Sasa unamsingizia mtoto," baba alisema. "Mtu mzima na ndevu zako." Akanigeukia. "Yuditi. Uligusa gari?"

Dakika thelathini kabla ya hapo nilikuwa na hamu ya kusema na hakuna aliyenisikiliza. Sasa watu wazima watatu walikuwa wamenyamaza, wananitazama, wakinisubiri mimi tu. Nilimtazama baba, sikumtazama fundi.

"Hapana," nikasema.

Baba Mwajuma hakunibishia. Alisimama, akafuta mikono, akazungumza na baba kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema mlango unaweza kuokolewa. Duka likifunguliwa inunuliwe lita ya thina, yeye atausugua mlango mmoja tu mchana kutwa, ataufuta mpaka maji yalale, na kesho alfajiri atapuliza tena. Jumatatu saa nne utakuwa umekauka. Rangi iliyobaki ilitosha. Hilo lilikuwa kweli. Nimelihesabu tena na tena, saa za kukauka, kiasi cha rangi, kila kitu, na lilikuwa kweli.

Baba alisema hatamnunulia mwizi chupa nyingine ya kuibia.

Fundi alikunja mipira ya kompresa, akaifunga nyundo na mbao zake kwenye gunia, akachukua dumu lake. Alipopita karibu na pipa nilimwamkia kama nilivyomwamkia kila siku. Alijibu marahaba, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha shikamoo ya mtoto hewani.

Kamati ilikuja Jumatatu. Walizunguka gari mara moja, wakasifu boneti, wakafika kwenye mlango wa kushoto wakasimama. Mmoja wao, mwanamke mwenye daftari, alipitisha ukucha juu ya vitundu, na rangi ikatoka vipande vipande na kuanguka juu ya kiatu chake. Aliuliza gari lina ugonjwa gani. Baba akaanza kueleza habari za petroli. Walimsikiliza hadi mwisho, wakaaga vizuri, na wiki hiyohiyo wakachukua gari la mtu mwingine.

Tangu hapo petroli ilikuwa hadithi ya nyumba yetu. Baba aliisimulia misibani na harusini, kila mara ikiwa na kiungo kipya. Mwaka mmoja alikuwa amenusa petroli kwenye kopo, mwaka mwingine alikuwa amemwona fundi akiimimina. Mwajuma aliacha kukaa nami dawati moja. Baba yake alikosa kazi mtaani kwetu, kwa kuwa nani atampa gari fundi anayechanganya petroli, na kabla hatujamaliza shule alikuwa amerudi Kondoa.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipokutana na kitabu cha ufundi wa rangi za magari, kimepoteza jalada, kati ya vitabu vya mitihani ya zamani. Nilikisoma na kamusi mkononi kwa miezi minne. Kulikuwa na picha ya vitundu vile. Kitabu kilivifananisha na macho ya samaki, na kilisema sababu yake karibu siku zote ni mafuta au nta iliyobaki juu ya praima, na kwamba hata alama ya kidole huweza kutosha. Niliusoma ukurasa ule nimesimama. Sikupata nafuu yoyote. Nilichopata ni hasira ya kugundua kwamba jambo lililotuvunja lilikuwa dogo, linajulikana, na lina mistari mitatu kwenye kitabu.

Nilikwenda kwa baba na kitabu. Nilimweleza yote, kopo, viganja, pindo la gauni. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Wewe ulikuwa mdogo," akasema. "Huwezi kukumbuka."

"Nakumbuka, baba. Ni mimi."

"Ulikuwa na miaka mingapi, minne?"

"Minane."

"Mtoto akisikia jambo mara nyingi anadhani alikuwepo." Akanirudishia kitabu bila kukifungua. "Ilikuwa petroli."

Nilijaribu tena mwaka uliofuata, na mwingine baada ya huo. Mama, ambaye pengine angelikumbuka kopo lake lililoisha, alikwisha kufariki, na hakukuwa na mwingine wa kuniunga mkono. Nilikuwa nimesubiri muda mrefu kukiri, na nilijiandaa kwa kila adhabu, ila sikujiandaa kwa hii ya kukataliwa kosa langu.

Baada ya siku ile ya gereji, mwezi uliopita, nilikwenda kumtafuta Mwajuma. Anauza vitenge Area D, mitaa miwili kutoka kwangu, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukisalimiana kwa mbali. Nilimwomba namba ya baba yake. Alinitazama, akaiandika kwenye kipande cha boksi, hakuniuliza ya nini.

"Shikamoo, Baba Mwajuma. Ni Yuditi, wa pikapu."

"Marahaba. Ya mlango wa kushoto."

"Ndiyo. Ni mimi niliyeupaka mafuta. Mafuta ya mgando, ya mama. Nilidhani gari limepauka."

Nilisikia akicheka, kicheko kikavu cha mzee, kikaisha upesi. "Hilo la kupauka sikulifikiria. Mkono nilijua ni wako."

"Mbona hukukazania?"

"Ningekazania kwa nani? Uliulizwa ukasema hapana. Mimi nilikuwa fundi, si hakimu." Kisha akauliza, "Mzee hajambo?"

"Hajambo. Bado anasema petroli."

"Atasema nini tena."

Nilimwambia nataka kujua alipoteza kiasi gani. Nilitegemea aseme amesahau. Akataja kama anayesoma: kompresa ya kukodi siku tatu, elfu tatu. Petroli ya kuiendesha, mia tisa. Misasa aliyoongeza mwenyewe, mia saba. Ufundi waliokubaliana, elfu tano. Jumla elfu tisa na mia sita, ambayo leo hainunui hata kilo moja ya nyama. Nikasema nitapiga hesabu ya thamani yake ya sasa na kumtumia jioni ileile.

"Ya sasa usinitumie, mwanangu. Ya sasa sijaifanyia kazi. Wala si wewe uliyeniita mwizi. Mwambie baba yako anitumie ya siku ile."

Jumapili baada ya ibada nilimfikishia baba ujumbe ule, neno kwa neno, bila kuongeza kitu changu juu ya mafuta. Nilikuwa nimechoka kueleza. Alikuwa ameketi barazani, ameegemeza fimbo ukutani. Akauliza hesabu ilikwendaje. Nikamtajia kimoja kimoja. Alinifanya nirudie ya misasa. Mwishowe akaingiza mkono kwenye koti la kanisani.

"Petroli silipi," akasema. "Toa petroli."

Nikaitoa. Alihesabu noti juu ya goti, akatafuta sarafu za kukamilisha, akanikabidhi zote. Nilizituma kwa simu mchana huohuo, nikilipa mwenyewe gharama ya kutuma ili zifike kamili, na Baba Mwajuma akajibu kwa maneno mawili tu kwamba amepokea. Shilingi elfu nane na mia saba.